Je, Furaha ya Nguvu ya Kuazima ni Halali?

Maneno haya yalianzia katika neno moja tulilotupiwa njiani, nasi tumekaa nalo siku nyingi, kwa sababu siku ile hatukuwa na jibu lake.

Ulikuwa mwezi wa Aprili, huko Ujerumani upande wa kaskazini, juu ya tuta kubwa la udongo lililojengwa kando ya mto Elbe kuyazuia maji ya mafuriko. Sisi tuandikao tulikuwa wageni wa mama mmoja mjane, mtu aliyekwisha kupita miaka sabini. Yeye alipanda baisikeli yake ya umeme, nasi tulipanda ya jirani yake, ya umeme vile vile. Hivyo hata chombo chenyewe kilikuwa cha kuazima. Asubuhi tulivuka mto kwa kivuko cha Bleckede, tukafuata ukingo wa mashariki mpaka karibu na Darchau. Huko tulikokwenda hatukuwa na haja yo yote. Hatukupeleka barua, wala hatukwenda sokoni, wala hatukwenda kumtazama mgonjwa. Tulikwenda kwa kupenda tu, tuyaone maji na kondoo na mawingu.

Wakati wa kwenda upepo ulikuwa mgongoni. Wakati wa kurudi uligeuka kuwa upepo wa mbisho, kama mabaharia wa pwani wasemavyo, ukatupiga usoni. Ndipo tulipomfikia mzee mmoja aliyepanda baisikeli ya kawaida. Alikuwa ameinama juu ya usukani akikanyaga kwa taabu, na jasho likimtoka ijapokuwa kulikuwa na baridi. Tukampita pasipo shida. Naye alipoyaona masanduku ya betri katika vyuma vya baisikeli zetu, akapaza sauti nyuma yetu akasema, "Huo ni udanganyifu!"

Labda alitania, wapanda baisikeli wengi wa Ulaya hulisema neno hilo kwa mzaha. Lakini mzaha uumao huwa umegusa mahali palipo pabovu. Mama alicheka. Sisi hatukucheka, maana dakika ile ile tulikuwa tukifurahi sana, na mara tukaona haya kwa ajili ya furaha yetu, kama mtoto aliyekutwa na sukari mkononi.

Kabla ya kulipima neno la mzee, yafaa tuwaeleze wasomaji wasiopata kukiona chombo hiki. Baisikeli ya umeme si pikipiki. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria yasema kwamba mtambo wake usizidi wati 250, tena usaidie wakati mtu akanyagapo tu, na msaada ukome mwendo ufikapo kilomita 25 kwa saa. Asiyekanyaga hapati kitu. Ni kama rafiki aliyekuwekea kiganja mgongoni akikusukuma polepole. Ukisimama, naye asimama. Mtu mzima mwenye afya, akikanyaga saa nzima pasipo kujichosha mno, hutoa nguvu ya wati 100 hivi. Basi apandaye chombo hiki amekuwa kama mtu mwenye wenzake wawili wasioonekana. Wala jambo hili si jipya kama vijana wadhanivyo. Mwaka wa 1895 Mmarekani mmoja, Ogden Bolton, alipata hati ya serikali kwa baisikeli yenye mtambo wa umeme katika gurudumu la nyuma. Mwaka wa 1993 kampuni ya Yamaha ya Japani ikaanza kuuza baisikeli ambayo mtambo wake husaidia miguu tu. Na katika Ujerumani, mwaka wa 2023, baisikeli za umeme zilizouzwa zilizidi kwa mara ya kwanza zile zisizo na mtambo.

Haya, je, ni udanganyifu? Twadhani neno lenyewe latusaidia. Penye udanganyifu sharti awepo mdanganywa. Mwezi wa Januari mwaka wa 2016, katika mashindano ya dunia ya baisikeli za matopeni huko Zolder, Ubelgiji, ulionekana mtambo uliofichwa ndani ya vyuma vya baisikeli. Mwenye kuhusika akafungiwa miaka sita. Pale palikuwa na udanganyifu kweli, maana palikuwa na tuzo, na washindani, na kitu kilichofichwa. Lakini sisi hatukushindana na mzee. Sanduku letu la betri lilikuwa wazi, kubwa kama tofali. Ikiwa yeye alikuwa akishindana nasi moyoni mwake, hakutuambia.

Jibu hilo ni sahihi, lakini halikututuliza. Kwa maana mzee hakuwa akisema habari ya tuzo. Alikuwa akisema kwamba kuna furaha inunuliwayo kwa jasho, na kwamba sisi tuliichukua pasipo kulipa. Hapo ndipo penye swali la kweli, tena ni swali la watu wengi wenye heshima. Sisi sote tumelelewa hivyo. Mtoto akitaka kucheza, huambiwa kwanza achote maji. Wahenga nao wamesema, baada ya dhiki, faraja; nasi tumezoea kulisikia neno hili kama hesabu ya dukani, kana kwamba faraja ni mshahara na dhiki ndiyo kazi.

Lakini tulitazame vema. Wahenga walisema "baada ya", hawakusema "kwa malipo ya". Mkulima aliyelima sana naye hupata ukame, na jirani yake mvivu hupata mvua ile ile aliyoipata mwenye bidii. Kama furaha ingekuwa mshahara, basi wenye kufanya kazi ngumu kuliko wote ndio wangekuwa wenye furaha kuliko wote duniani, na kila mmoja wetu ajua sivyo ilivyo.

Tena tumfikiri yule mama. Yeye alizaliwa ukingo wa magharibi, karibu na Bleckede. Tangu mwaka wa 1952 ng'ambo ya pili ilifungwa, kwa maana mto ule ulikuwa mpaka kati ya Ujerumani mbili. Kule kukawa na uzio na askari walinzi, na watu wa vijiji vya ng'ambo hawakuruhusiwa kushuka mtoni kwao wenyewe. Katika utoto wake aliwaona ng'ombe wa ng'ambo na moshi wa nyumba za ng'ambo, asiweze kufika. Mwaka wa 1989 mpaka ukafunguliwa. Yeye na mumewe wakavuka na baisikeli zao, na tangu siku ile wakafanya desturi ya kupita juu ya tuta lile kila hali ya hewa iliporuhusu, na mara nyingine ilipokataa. Kisha magoti yake yakaharibika, mumewe akafa, na kwa miaka kadhaa baisikeli yake ikawekwa bandani. Mtambo wa umeme ndio uliomrudisha juu ya tuta. Nani atamwambia kwamba anadanganya? Mtu akisema hivyo, na aseme pia kwamba miwani ni udanganyifu wa macho na fimbo ni udanganyifu wa miguu.

Msomaji atasema, "Mama ana magoti mabovu, ninyi je?" Kweli, magoti yetu ni mazima. Twakubali kwamba hoja ya miwani haimlindi asiye na ugonjwa wa macho. Wataalamu waliwachunguza watu wa miji saba ya Ulaya, na habari zao zilitolewa mwaka wa 2019. Wakaona ya kuwa wenye baisikeli za umeme hawaupungukii mwili kazi kama watu walivyodhani, kwa sababu huenda safari ndefu zaidi. Habari hiyo ni njema kwa afya, lakini hatutaki kujificha nyuma yake, kama mtu anywaye pombe akasema anakunywa kwa ajili ya tumbo. Hatukupanda kwa ajili ya afya. Tulipanda kwa sababu ilikuwa tamu.

Njiani asubuhi ile tulikuwa tumeona korongo weupe wakitembea katika majani yenye maji, kwa mwendo wao ule wa wazee wa baraza. Ndege hawa wengi wao hukaa kwetu Afrika wakati wa baridi ya Ulaya. Wale wa upande wa mashariki hupitia Uturuki na bonde la Nile, hata wakafika nyanda zetu na kuendelea kusini. Katika safari hiyo ndefu hawapigi mabawa sana. Hutafuta mahali ambapo jua limepasha nchi joto, hewa moto ikipanda juu, nao hutandaza mabawa wakapandishwa nayo bure, kisha huteleza mbali mpaka hewa nyingine. Ndiyo sababu wanaizunguka bahari, kwa kuwa juu ya maji hakuna hewa ipandayo hivyo. Nguvu yao kubwa ni ya kuazima, wala hatujasikia mtu aliyesimama shambani akawapigia kelele.

Kuna mtu mwingine ambaye neno lake twaliogopa kuliko la mzee, ijapokuwa yeye hakusema neno. Ni ndugu yetu wa huku nyumbani apandishaye mlima na baisikeli iliyobeba mikungu ya ndizi, au madumu ya maji mbele na nyuma, akiisukuma kwa mikono maana haipandiki. Kwake baisikeli ni punda. Tumwambie nini, kwamba kuna watu watokao na chombo cha namna hii wakati wa mchana, wakaenda kokote, wakarudi na keria tupu, tena wamesaidiwa na umeme? Atatuona wapumbavu, naye ana haki. Hata hivyo tumepata kumwona mtu huyo huyo jioni, mzigo umekwisha kuuzwa, akishuka mteremko. Huinua miguu yote miwili kutoka katika pedali, akaiacha baisikeli ikimbie yenyewe, shati likijaa upepo kama tanga, naye akipiga mluzi. Kwa mteremko ule hakulipa kitu. Ukimwambia kwamba aliulipia asubuhi alipopanda, atakubali. Lakini tumemwona akifanya vile vile siku ambayo hakubeba chochote.

Basi tulikwisha kuridhika nusu. Furaha haidaiwi jasho. Lakini nguvu ya kuazima ina mwenye kuiazimisha, na hapo hesabu yarudi. Betri ya baisikeli ya namna hii huchukua umeme wa nusu uniti hivi, utoshao kuchemsha maji lita nne au tano. Kwa jambo hilo hatuoni dhambi kubwa. Betri yenyewe ni habari nyingine. Nyingi zina madini ya kobalti ndani yake, na sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia, zaidi ya nusu, hutoka Kongo, katika nchi ya Kolwezi na jirani zake, ambako watu husema Kiswahili kama sisi. Wengine huchimba kwa mitambo mikubwa. Wengine huchimba kwa sululu na mikono, katika mashimo yasiyo na nguzo, na mashimo hayo yamewafukia wengi. Sasa zimetokea betri zisizo na kobalti, nazo zinaongezeka. Ile tuliyoipanda hatukuiuliza ina nini. Twaandika jambo hili kwa sababu tulipokuwa tukiteleza juu ya tuta, tukisema moyoni "wenzetu wawili wasioonekana", hatukufikiri ya kuwa mmoja wao aweza kuwa mtu kweli, mwenye jina, aliye chini ya ardhi. Tangu hapo hatujaweza kulisema neno hilo kwa wepesi. Haikutufanya tuione furaha kuwa haramu. Ilitufanya tuone kwamba betri haifai kuchezewa, wala kutupwa kabla haijachakaa, na ikichakaa irudishwe kwa muuzaji, ambaye kwa sheria ya Ulaya hana budi kuipokea. Hayo ni machache. Mchimbaji hajaongezewa kitu kwa hayo.

Sasa turudi juu ya tuta, kwa sababu siku ile haikuisha kwa neno la mzee.

Wasomaji wa kwetu wamezoea majira yaliyo na ahadi. Masika huja kwa zamu yake na vuli kwa zamu yake, yakikawia, twashangaa. Aprili ya kaskazini haina ahadi. Wenyeji husema kwamba mwezi huo hufanya upendavyo. Jua la Aprili limekwisha kupata nguvu ya kuipasha nchi joto, lakini hewa ya juu bado ni ya baridi, ishukayo kutoka upande wa barafu na bahari. Basi hewa ya chini hupanda upesi, ikajenga mawingu kama minara, na kila mnara una mvua yake, na katikati ya minara jua lawaka. Hiyo ni hewa ile ile impandishayo korongo. Ndani ya saa moja waweza kupata manyunyu, kianga, upepo wa kukata masikio, theluji kidogo, na kianga tena. Mgeni hukasirika. Akikaa, huanza kuipenda, maana hakuna kianga kilicho kitamu kama kile ujuacho kuwa hakitadumu. Kondoo wenye maji mgongoni hung'aa, na harufu ya udongo hupanda, na kila mtu umkutaye njiani husalimu kwa furaha kama aliyeokoka katika jambo.

Mtambo wa umeme hufanya mambo mawili katika hali ya hewa kama hiyo. Kwanza humpa mtu ujasiri wa kutoka, kwa kuwa ajua ataweza kurudi. Upepo ukupigao usoni ukizidi mwendo mara mbili, msukumo wake huwa mara nne. Asiye na msaada hufikiri hilo kabla ya kutoka, akabaki nyumbani. La pili, humtia mtu kiburi. Na baridi hupunguza nguvu ya betri, jambo ambalo mwenye kiburi husahau.

Tulipokwisha kumpita mzee, tuliona mnara mmoja ukija kutoka kaskazini-magharibi, mweusi chini na mweupe juu. Tukapiga hesabu. Kivuko hakikuwa mbali. Tukienda kilomita 25 kwa saa, tutatangulia. Tukabonyeza kitufe cha msaada mkubwa, tukamwambia mama, "Tukimbie!" Naye akainua mkono. Tuliuchukua mkono ule kuwa ni kukubali, wala hatukugeuka kutazama. Kusema kweli, hatukutaka kugeuka. Kulikimbia wingu na kuona kwamba utalishinda ni utamu mkubwa sana, nasi tulilewa nao.

Tulifika kivukoni tukajibanza chini ya upenu wa nyumba, na mara ile mvua ya mawe ikaanguka. Yalikuwa mawe madogo meupe, laini kidogo, mengi mno hata njia ikawa nyeupe. Ngurumo moja ikapita. Ndipo tulipotazama nyuma, tukaona tuta tupu. Alama ya betri yetu ilikuwa imeshuka karibu na mwisho. Tulikuwa wakavu kabisa. Kwa muda wa robo saa tulisimama pale na ukavu wetu, tukimfikiri mama mwenye magoti mabovu juu ya tuta lisilo na mti, nasi hatukuthubutu kurudi, kwa kuwa baisikeli hizi ni nzito, kilo ishirini na kitu, na betri ikiisha katika upepo wa mbisho hugeuka kuwa mzigo. Hicho ndicho kisingizio tulichojipa.

Kisha jua likatoka. Njia ikaanza kutoa mvuke. Tukawaona wanakuja wawili, polepole sana. Mama alikuwa mbele, na nyuma yake, gurudumu karibu na gurudumu, alikuwa yule mzee. Upepo ulikuwa bado mkali. Wapanda baisikeli wajua kwamba aliye nyuma karibu na mwenzake hupata nafuu kubwa, maana upepo umekwisha kukatwa na wa mbele. Yeye mwenye mtambo alikuwa ameuchukua upepo wote kifuani, mtambo ukimsaidia, na yule mzee amejificha nyuma yake kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake.

Mawe yalipoanza kuanguka, mama alikuwa ameshuka upande wa chini wa tuta, usio na upepo, akachuchumaa karibu na kondoo. Mzee alipofika akamwita naye akashuka. Walikaa pale mpaka ilipopita, wakala tufaha moja alilokuwa nalo mama. Kisha akamwambia mzee, "Kaa nyuma yangu." Hayo tuliyapata baadaye kwa mzee. Mama mwenyewe alipotufikia hakutulaumu hata kidogo. Alituuliza kama tumelowa.

Mzee alikuwa anacheka, maji yakimtiririka katika masharubu. Akasema, "Leo nami nimedanganya." Katika kivuko akaomba aiinue baisikeli yetu, aone uzito wake, akaiinua nusu, akaiweka. Akasema kwamba amepanda baisikeli tangu utoto, na kwamba kila mwaka mlima ulio karibu na kwao huongezeka urefu. Siku moja, akasema, itambidi anunue moja ya hizi, na siku hiyo haipendi. Hapo tulielewa kwamba neno lake la kwanza halikuwa juu yetu sana. Tulimwambia kwamba kumshinda upepo kwa miguu ya mtu mwenyewe ni jambo ambalo sisi hatukulipata siku ile, nalo ni kubwa. Alikubali upesi, wala hakujidai unyenyekevu.

Wahenga wana neno lingine lisemalo kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Tulilikumbuka kivukoni. Kwetu sisi neno hilo lilitimia: tuliazima nguvu, tukaivaa peke yetu, ikatuonyesha tulivyo mbele ya watu. Lakini nguvu ya mama ilikuwa ya kuazima vile vile, ya kampuni ile ile na betri sawasawa, nayo iliwasitiri watu wawili. Siku ya jua tulivu tofauti hiyo isingeonekana; sote watatu tungepita juu ya tuta tukisalimiana, na kila mmoja angejiona mtu mwema.

Jioni ile tulimwomba mama radhi. Alifikiri kidogo, akasema kwamba aliinua mkono kutuzuia. Akaongeza kwamba yeye hakutoka ili awahi kufika. Kesho yake hali ya hewa ilikuwa ile ile, manyunyu na kianga, naye akatuuliza kama twataka kutoka tena. Tukatoka. Tuliweka msaada katika alama ya chini kabisa, tukakaa upande wa upepo naye upande wa pili, hata alipotuambia tuache kumziba, maana haoni mto. Tulirudi tumelowa wote. Betri tulizitoa tukaziingiza ndani zisipate baridi. Baisikeli zikabaki barazani, zikitiririka maji.